Kompyuta Iliyokawia Kuamka

Mlango wa kazi yangu kwa miaka kumi na mmoja ulikuwa kifuniko cha kompyuta mpakato. Jina hili nalipenda tangu siku ya kwanza nilipolisikia, maana limetokana na kupakata, na kabla ya mashine hii kuja duniani kitu tulichokuwa tukikipakata aghalabu kilikuwa mtoto. Wenzetu wa Kenya huiita kipakatalishi, nao pia wamelihifadhi tendo lile lile ndani ya jina lao. Mtu akaaye na kitu mapajani mwake kwa miaka mingi huanza kukidhania tabia, na ndivyo ilivyokuwa kwangu. Mashine yangu ilipoanza kukawia kuamka sikusema kuwa imeharibika. Nilisema kuwa imezeeka, nikaisamehe.

Niliinunua mwaka 2013, ikiwa na diski ya gigabaiti 500 na ramu ya gigabaiti 4, vipimo ambavyo wakati huo havikuwa vya fahari wala vya aibu. Katika miaka yake ya mwanzo iliwaka kwa muda ambao mtu hutumia kuvuta kiti na kusafisha miwani. Kufika mwaka 2020 muda huo ulitosha kuchemsha chai. Hata ulipoingia mwaka 2024 nilikuwa nikibonyeza kitufe, nikatoka, nikachemsha chai, nikafagia baraza, nikamwagilia milimau miwili iliyoko uani, kisha nikarudi na kukuta kile kiduara cha vidoto kingali kikizunguka katika kioo cheusi. Siku moja nilipima kwa saa ya mkononi. Zilikuwa dakika kumi na moja tangu kubonyeza hata kufungua faili la kwanza. Mke wangu alikuwa akipita mlangoni huniuliza, "Mgeni wako bado hajaamka?" Nami humjibu kwa mithali, kawia ufike, na kwa jibu hilo nikajiona mwenye hekima.

Kosa langu la kwanza, basi, lilikuwa kosa la lugha, na kwa mtu aliyeishi kwa kufundisha lugha hilo ni kosa la kuonea haya. Nililitumia neno uzee mahali pasipokuwa pake. Programu haizeeki. Maagizo yaliyoandikwa mwaka 2013 ni yale yale mwaka 2024. Moja na sifuri hazioti mvi. Kompyuta ikikawia, ama mzigo wake umeongezeka, ama kiungo fulani cha mwili wake kimeanza kuchakaa: feni iliyojaa vumbi ikaacha joto lizidi, au diski izungukayo ikachoka katika kuzunguka kwake. Katika hali zote mbili iko sababu, na sababu hutafutika. Lakini mtu akisema uzee hatafuti tena. Amekwisha kulifunga shauri kabla ya kulisikiliza.

Tena tumezoea kusema kwamba kompyuta huwashwa, kama tuwashavyo taa, na neno hili nalo hutupotosha kidogo. Taa ikiwashwa imewaka. Kompyuta hupitia safari. Mara umeme unapoingia, programu ndogo iliyotiwa ndani ya chipu ya ubao mkuu huamka peke yake na kukagua viungo: ramu ipo, kibodi ipo, diski ipo. Kisha huiendea diski na kusoma hapo programu nyingine ndogo, ambayo kazi yake yote ni kuiita programu kubwa kuliko yenyewe, yaani kiini cha mfumo. Kiini nacho huwaita watumishi wake, mmoja wa kioo, mmoja wa sauti, mmoja wa mtandao, na wengine makumi kwa makumi ambao mwenye mashine hapati kuwaona maisha yake yote. Mwisho kabisa humjia mwenye mashine kumwuliza neno la siri. Lugha ya Kiingereza imelipa jambo hili jina litokanalo na usemi wa mtu ajinyanyuaye kutoka chini kwa kuvuta vishikio vya viatu vyake mwenyewe; nimeona kuwa mfano huo ni mzuri kuliko wetu wa taa, ingawa si kawaida yangu kukiri jambo la namna hii. Msomaji na alikumbuke neno moja katika safari hiyo: kila hatua baada ya ile ya kwanza husoma kitu kutoka katika diski.

Mimi sikulikumbuka. Nilianza kutengeneza kutoka mwisho wa safari, kwa sababu mwisho ndio niliouona kwa macho. Katika Windows niliyokuwa nikiitumia liko dirisha liorodheshalo programu zote zinazojiamsha pamoja na mashine, bila ya kuitwa. Nilipolifungua nilikuta ishirini na tatu. Ilikuwepo programu ya mashine ya kuchapia ambayo nilikwisha kumpa shemeji yangu mwaka 2016. Ilikuwepo ya kupiga muziki, nami sisikilizi muziki katika kompyuta. Zilikuwepo tatu za mazungumzo, moja ya kazi niliyoiacha, na walinzi wawili wa virusi, ambao kila mmoja alikuwa akimpekua mwenzake kama mwizi. Jambo lililonishangaza ni kwamba hapana hata moja iliyoingia kwa hila. Zote ziliniuliza, nami nikabonyeza ndiyo, maana nilikuwa na haraka ya kufika katika jambo jingine. Niliziondoa kumi na saba. Tena nikafuta mafaili yasiyo na kazi, maana diski ilikuwa imejaa hata pembeni, na ramu ndogo ikijaa mfumo huazima nafasi katika diski, ukawa kama mchukuzi ashushaye mzigo njiani na kurudi kuufuata.

Nilipowasha tena zilipita dakika nane. Nilifurahi kupita kiasi. Nilimwita mke wangu aje kushuhudia, akashuhudia, akarudi jikoni.

Furaha hiyo ndiyo iliyonitia katika kosa la pili, nalo lilikaribia kunigharimu kazi ya maisha yangu. Niliwahi kusoma kwamba faili likiandikwa katika diski izungukayo huweza kukatika vipande na kutawanyika huku na huku, na kwamba kuna kazi ya kuvikusanya vipande hivyo na kuvipanga upya ili visomeke kwa wepesi. Habari hiyo ni kweli, na kwa diski yenye afya ni dawa. Usiku mmoja niliiamuru mashine ifanye kazi hiyo, nikaenda kulala. Ilifanya usiku kucha. Ilisoma na kuandika, ikahamisha na kurudisha, kama mgonjwa wa moyo aliyeambiwa apande mnazi kwa ajili ya siha. Asubuhi nilipoiwasha ilichukua dakika kumi na nne. Nikasikia pia sauti ambayo sikuwahi kuisikia, tik, kisha kimya, kisha tik tik, mfano wa mjusi wa ukutani aliapo usiku.

Nikaichukua mpaka Kariakoo. Katika vibanda vya mafundi wa kule kuna msemo mmoja ambao ni dawa ya kila maradhi, nao ni kupiga windo, maana yake kuufuta mfumo wote na kuuweka mpya. Kijana aliyenipokea alikuwa na adabu na mikono myepesi. Aliiwasha, akatazama kiduara kwa muda mfupi, akasema, "Hii tunapiga windo tu, mzee. Saa mbili unaichukua." Nikamwuliza habari ya vitu vyangu vilivyomo. Akasema vilivyoko katika sehemu ya D vitabaki. Sikujua kama nina sehemu ya D. Baadaye nilikuja kujua kwamba sikuwa nayo. Nilitoa noti mbili za shilingi elfu kumi, naye akanyosha mkono, kisha akageuka akatazama mashine zilizopangwa nyuma yake, akasema kwamba foleni ni ndefu, afadhali nirudi kesho asubuhi. Nikarudisha noti mfukoni na mashine katika mkoba. Simlaumu kijana yule hata kidogo. Kati ya mashine kumi zinazoletwa kwake kwa kukawia, huenda nyingi hupona kwa dawa yake. Foleni yake ndiyo iliyoniokoa, wala si busara yangu.

Jioni ile nilimpigia simu binti mmoja niliyemfundisha fasihi miaka iliyopita. Alikuwa na kipawa cha kuchambua shairi, kisha akaacha mashairi akashika bisibisi, na kwa muda mrefu jambo hilo lilinihuzunisha. Alikuja baada ya Magharibi. "Shikamoo, mwalimu." "Marahaba, mwanangu." Niliiweka mashine mezani nikaanza kumweleza kisa chote, programu ishirini na tatu, walinzi wawili, dakika nane na dakika kumi na nne. Alinisikiliza mpaka mwisho bila ya kuigusa. Kisha akaniuliza swali ambalo hapana mtu aliyeniuliza, wala mimi mwenyewe sikujiuliza: "Mwalimu, humo ndani mna kitu gani ambacho hakiko mahali pengine?"

Nilinyamaza. Nilinyamaza kwa kuwa jibu lilikuwa kubwa, na mpaka saa ile sikuwa nimelitamka kwa kinywa.

Tangu mwaka 2010 nilikuwa nikikusanya maneno ya mafundi wa majahazi na ya mabaharia wake. Nilianza Nungwi, kaskazini ya Unguja, nikaendelea Pemba, Bagamoyo na Kilwa, kila likizo kwa nauli yangu. Msomaji wa mjini alijuaye jahazi kwa tanga lake tu hawezi kukisia wingi wa maneno yaliyomo katika chombo kimoja. Uko mkuku ulio uti wa mgongo wake, na juu yake mataruma yaliyo mbavu; iko hanamu ikatayo maji mbele, na foromali ichukuayo tanga; iko kazi ya kalafati, ambayo ni kuziba nyufa za mbao kwa pamba iliyolowa mafuta, na iko sifa, mafuta ya papa yapakwayo chombo, ambayo mgeni huyanusa kabla ya kuyaona. Haya yamo katika makamusi. Lakini nyuma ya kila neno la kamusi yako mengine matatu au manne, majina ya vipande vya kitu hicho, ya namna za kukichonga, ya makosa ambayo mwanagenzi hufanya akakemewa. Nilikuwa na vidahizo zaidi ya elfu nne, na rekodi sitini na moja za sauti za wazee. Wengi wao wamekwisha kufariki dunia. Mmoja, aliyekuwa mwalimu wangu kuliko wote, alifariki mwaka 2017.

Nakala? Nilikuwa na flashi moja katika mtoto wa meza, na kitu cha karibuni kabisa ndani yake kilikuwa cha mwaka 2015. Nilipokuwa nikiinadi kazi yangu katika mikutano ya wataalamu nilizoea kusema kwamba maneno haya yanapotea kwa kuwa yamehifadhiwa katika vichwa vya watu wachache tu. Nilisema hivyo huku nimeyahamisha kutoka katika vichwa vingi kuyatia katika kisanduku kimoja.

Binti yule hakuniambia neno la lawama. Alitoa flashi yake, akaiwasha mashine yangu kwa mfumo wa Linux uliokuwa ndani ya flashi hiyo, diski yangu ikakaa pembeni bila ya kazi. Kisha akaniomba nisogeze kiti nisome pamoja naye. Nilijifunza saa ile kwamba diski huandika daftari la maradhi yake. Kila mahali panaposhindwa kusomeka, diski hupaandika. Mahali palipokwisha kufa hupaacha na kupahamishia kazi yake katika nafasi ya akiba. Na mahali inapopashuku hupaweka katika hesabu ya wanaongoja. Daftari hilo limo katika diski zote za siku hizi, na mwenye programu ndogo ya kulisoma huweza kulisoma wakati wowote. Langu lilionyesha sehemu 216 zilizokwisha kuhamishwa na sehemu 1,344 zinazongoja. Katika diski yenye afya hesabu ya mwisho hutakiwa kuwa sifuri.

Akanieleza maana yake, na hapa nitatua kidogo, kwa sababu maelezo yake yaligeuza kichwa chini kila kitu nilichokuwa nikikidhani. Diski ya namna ile ni sahani ngumu zipakwazo utando wa sumaku, zikazunguka mara 5,400 kwa dakika, na juu yake kuna kichwa kidogo kielea­cho karibu sana na uso wa sahani bila ya kuugusa, kwa umbali ambao ni sehemu ya maelfu ya unene wa unywele. Asili yake ni mashine ya IBM ya mwaka 1956, iliyokuwa na sahani hamsini, ukubwa wake kama kabati, uzito wake kadiri ya tani moja, na uwezo wake herufi milioni tano tu. Tangu siku hizo mpaka leo kanuni ni ile ile: sahani huzunguka, kichwa hungoja herufi zipite chini yake. Sasa, herufi zikipita zisisomeke, diski haisemi kuwa imeshindwa. Hungoja zizunguke tena ikajaribu mara ya pili. Husogeza kichwa kidogo upande huu, ikajaribu. Upande ule, ikajaribu. Huweza kufanya hivyo mara nyingi sana, kwa sekunde nzima au sekunde kadhaa, kwa kipande kimoja kisichozidi mistari michache ya ukurasa huu. Na muda wote huo mfumo mzima husimama, kiduara kikazunguka, na mwenye mashine akachemsha chai.

Kwa hiyo zile dakika kumi na moja nilizoziita uzee, na katika saa za hasira nikaziita uvivu, zilikuwa dakika za jitihada. Mashine yangu ilikuwa ikipigania kila kipande kila asubuhi, na ikawa inakipata. Zile programu kumi na saba nilizozifukuza hazikuwa ugonjwa. Ziliondoa mzigo kidogo juu ya mgonjwa, nami nikadhani nimemponya. Na usiku ule wa kupanga vipande, nilimpigisha mbio.

"Tuizime, mwalimu," alisema. "Tusiiwashe tena kwa diski hii."

Kazi ilianza kesho yake. Alifungua kifuniko cha chini, skrubu akazipanga katika kisahani cha kikombe kwa utaratibu wa mahali zilipotoka. Akaitoa diski, kitu chepesi kisichozidi ukubwa wa daftari dogo la mfukoni, akaiunga katika mashine yake pamoja na diski nyingine mpya iliyo tupu. Programu aliyoitumia huitwa ddrescue, nayo hutolewa bure. Akili yake ni rahisi, na nilipoielewa niliipenda kama nipendavyo beti lililopangwa vizuri. Mtu akinakili kwa njia ya kawaida, hufika mahali pabovu akang'ang'ana hapo, na huenda diski ikafa katika kung'ang'ana huko kabla ya kufika katika mema yaliyo mbele. Programu hii hufanya kinyume. Mzunguko wa kwanza hupita ikichukua yasomekayo bila ya taabu, na penye shida huruka na kuandika katika daftari lake kwamba hapa pamerukwa. Mema yote yakisha kuokolewa ndipo hurudi penye shida, ikachukua kingo zake, kisha ikaingia ndani kidogo kidogo. Na kwa kuwa huandika kila ilichofanya, umeme ukikatika huanza pale ilipoachia.

Umeme ulikatika mara mbili. Diski tuliiweka mbele ya feni ya mezani ili isipate joto. Asilimia 99 ya vitu vyote ilipatikana katika saa saba za kwanza. Sehemu iliyobaki ilichukua siku mbili na usiku wake, na katika siku hizo sikuweza kusoma wala kuandika. Nilikaa nikitazama tarakimu zikipungua, mara moja kwa robo saa, na kusikiliza mjusi yule akilia ndani ya chuma. Binti alikuwa akija jioni na kuondoka. Siku ya pili aliniambia nisikae mbele yake, nami nikaenda kukaa barazani, ambako nilikuwa naisikia vilevile. Usiku wa tatu mlio ulikoma. Diski haikuweza tena kutambulikana. Katika gigabaiti 500, megabaiti 9 hazikupatikana, na hazitapatikana kamwe.

Yaliyofuata yalikuwa mepesi. Badala ya diski ya zamani alitia ghala la kisasa ambalo mafundi huliita SSD, lisilo na sahani wala kichwa wala kitu chochote kizungukacho. Hesabu ya tofauti yake inafaa kuelezwa. Sahani izungukayo mara 5,400 kwa dakika huzunguka mara 90 kwa sekunde. Ukiongeza muda wa kichwa kusogea kutoka mahali hata mahali, diski ya namna ile haiwezi kutembelea mahali mia tofauti kwa sekunde moja, hata ikiwa na afya kamili. Na kuamka kwa mashine ni kutembelea mahali maelfu. SSD hutembelea maelfu mengi kwa sekunde hiyo hiyo. Kisha, kwa diski tupu na vitu vyangu vikiwa salama mahali pawili, alipiga windo. Nilicheka nilipomwona akifanya hivyo. Ilikuwa ile ile dawa ya Kariakoo, katika siku yake.

Mashine iliamka kwa sekunde kumi na tisa. Ramu ni ile ile, chipu ni ile ile ya mwaka 2013. Mwaka uliofuata, Windows 10 ilipoacha kupewa marekebisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, niliihamishia Linux, nayo haikulalamika. Milimau imepata hasara, maana sasa huisahau. Nakala za kazi yangu ziko mahali patatu, mojawapo nje ya Dar es Salaam, na kila Ijumaa huzitazama.

Zilizobaki ni zile megabaiti 9. Hasara ndogo kama hiyo haianguki mahali pamoja. Hutawanyika kama mvua ya rasharasha, tone hapa na tone pale, na nyingi ziliangukia katika vitu vya mfumo ambavyo havina thamani. Katika rekodi sitini na moja, moja ilikataa kufunguka. Nyingine nilizifungua mojamoja, nikasikiliza mwanzo na mwisho, nikaona ni nzima, nikamshukuru Mungu.

Lakini mwanzo na mwisho hazikutosha. Mwezi uliopita nilipokuwa nikiandaa vidahizo vya sehemu ya mbele ya chombo, niliisikiliza kwa ukamilifu rekodi ya yule mwalimu wangu wa Nungwi, ya mwaka 2016. Anaeleza habari ya ubao mmoja mfupi ulio karibu na hanamu. Anasema kwamba watu wengine huuita hivi, na wa Pemba huuita vile. Kisha anasema, "Lakini sisi hapa, wazee wetu, walikuwa wakiuita —" na hapo pana kimya. Si kimya cha mtu anayefikiri, maana mtu akifikiri husikika bahari nyuma yake na tezo za vijana wake zikigonga. Ni kimya kitupu, sekunde kumi na moja. Kisha bahari inarudi ghafula, na mzee anacheka, na mimi nasikika nikicheka pamoja naye, kana kwamba neno lile lilikuwa la kuchekesha sana.

Nilikimbilia daftari la karatasi la safari ile. Katika ukurasa wa siku hiyo, mbele ya mchoro wa ubao wenyewe, nimeandika kwa wino wa buluu: neno zuri, sikiliza rekodi.

Nimempigia simu mwanawe, ambaye naye ni fundi. Hakulikumbuka. Akasema kwamba baba yake alikuwa na maneno yake, mengine hakuyatamka ila akiwa ameshika kitu chenyewe mkononi, na kwamba labda naye atalikumbuka akiushika ubao. Kuna chombo kimoja kinachotengenezwa pwani ya kwao, na wiki ijayo watafika sehemu hiyo ya mbele. Nimekata tiketi ya boti ya saa moja asubuhi, siku ya Jumatatu.